Karai la Makaa

Fundi Bascuñán hakulala chini ya lile gari. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kila mtu alijitia kusahau. Aliegemea mlango wa gereji yake, mikono mifukoni, skafu imempanda hadi puani, akaisikiliza injini kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia mtu kupuliza chai. Kisha akauliza nani huliendesha.

"Mimi," alisema Celmira.

"Aah," akasema fundi.

Uchunguzi wote ulikuwa ni hiyo "aah". Yaliyofuata yalikuwa maneno tu. Konrodi, ule mkono wa pistoni, imelegea, beringi zimesagika, injini inataka kufumuliwa yote, na kufumua injini ya dizeli ya umri ule ni sawa na kumnunulia maiti viatu. Akaongeza kwamba wanawake hukanyaga mafuta kama wanaoshona cherehani. Wanaume wawili waliokuwa wakiota moto kwenye pipa walicheka. Celmira akamwuliza kama hataki kutazama chini. Fundi akasema hahitaji kutazama, yeye anasikia. Akajitolea kulichukua gari kama spea, amwondolee mzigo. Kisha akamtoza pesa ya kusikia.

Celmira alirudi nyumbani Cañadón Overo taratibu, upepo ukilisukuma gari ubavuni, na ile kong, kong, kong ikimfuata njia nzima kutoka chini ya miguu yake. Akikanyaga mafuta, mlio ulikimbia. Akiachia, mlio ulitulia lakini haukuondoka. Alikuwa mwanamke asiyelia ovyo, na hakulia. Alimtukana Bascuñán kwa sauti, peke yake ndani ya gari, hadi alipofika kwenye lango la mbuzi.

Mlio ulikuwa umeanza Jumatatu, watoto wamo ndani. Celmira ndiye aliyewabeba watoto wa mashamba ya bondeni, Nélida binti yake akiwa mmoja wao. Kila Jumatatu aliwapeleka shule ya bweni na kila Ijumaa akawarudisha makwao, na jumuiya ilimlipa kwa kazi hiyo. Malipo hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba kipindi chote cha baridi, maana mumewe, Delfor, kazi yake ilikuwa kukata manyoya ya kondoo, na hakuna mwenye akili anayemvua kondoo manyoya mwezi wa Julai. Mtu aliyesema gari limekufa alikuwa anasema na chungu kiteremshwe jikoni. Evaristo, mwenyekiti wa jumuiya, alikuwa amekwisha kutuma neno. Jumapili kuna mkutano, fundi ataitwa aseme, na ikiwa gari si salama basi kazi atapewa bwana mmoja wa mjini mwenye pikapu. Bwana huyo alikuwa amesema mapema kwamba pikapu yake haishuki bondeni. Watoto wapande wenyewe mpaka barabara kuu, wamngoje huko juu kwenye barafu.

*

"Nilikwambia," alisema Delfor. Alikuwa amekaa jikoni na kibuyu chake cha yerba, ile chai chungu ya majani, macho yake sakafuni. "Ile njia ya mtoni unapita kama unafukuzwa. Unalipiga mawe."

"Napita palepale nilipopita siku zote."

"Basi hizo siku zote ndizo zimelimaliza. Gari si punda, mama Nélida. Kama Bascuñán analitaka kwa spea, mpe tukiwa bado tunapata chochote."

Celmira alimtazama akadhani ni huzuni inayomwinamisha hivyo. Alimwonea huruma hata, jamani, akamkatia mkate. Mama mkwe wake, Rosenda, alikuwa kando ya jiko akihangaika na birika. Nyumbani kwao walikuwa na karai la chuma lenye miguu mitatu, zito, ambalo asubuhi lilitiwa makaa ya kulipasha gari na baadaye likaingizwa ndani kuchemshia maji. Sasa birika lilipowekwa juu yake lilikaa upande. Maji yalimwagika kwenye makaa na moshi ukawapanda usoni.

"Hili karai lina kiguu siku hizi," alinung'unika Rosenda, akachomeka kipande cha mfupa chini ya mguu mmoja.

Delfor aliinuka akasema anaenda kuwatazama farasi. Farasi walikuwa wametazamwa muda mfupi tu uliopita.

*

Siku zile kila mtu aligeuka fundi. Dukani walimwambia Celmira amezidisha mafuta ya taa kwenye dizeli. Sisi sote huku tunachanganya mafuta ya taa wakati wa baridi ili dizeli isigande tangini, na ni kweli ukizidisha injini hugonga. Basi akaimwaga ile dizeli yote, akatia safi kabisa mchana wa jua, akawasha. Kong, kong, kong. Mchungaji mmoja akamwambia atie oili nzito, akatia, na mlio ukabaki vilevile. Ndugu mmoja wa Evaristo, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alimwambia mbele ya watu kwamba gari humjua mwenyewe, na gari la mwanaume likishikwa na mwanamke hununa. Gari lile lilikuwa la Celmira, aliachiwa na baba yake. Delfor alikuwepo wakati linasemwa hilo. Alikohoa.

Alipoingia dukani kununua unga, mazungumzo yalikatika. Alipotoka aliwasikia wakisema ndiye huyo aliyeua injini. Hata watoto, Ijumaa alipowarudisha makwao, walianza kuuliza kama gari litapasuka. Mama mmoja wa bondeni alimwomba radhi, akasema heri mwanawe apande kwa miguu mpaka barabarani kuliko kufia mtoni, na Celmira akamwambia anaelewa. Hakuelewa. Alirudi nyumbani akaosha sahani zilizokuwa safi.

Jumamosi aliamua kulisikiliza mwenyewe. Delfor alikuwa ameondoka asubuhi kwenda klabu kucheza karata. Celmira aliwasha injini, akafungua boneti, akachukua spana na kwenda nozeli moja baada ya nyingine. Kila dereva wa dizeli anaujua mtihani huu. Ukilegeza nati ya bomba la nozeli, silinda ile inakosa mafuta na kunyamaza. Kama ubovu uko kwenye nozeli yake au konrodi yake, mlio nao utabadilika. Alilegeza ya kwanza. Injini ikatetemeka, ikachechemea, dizeli ikamrukia mikononi, lakini kong ikaendelea kugonga vilevile. Akaikaza, akaenda ya pili, akaenda ya tatu, akamaliza zote. Injini ilibadilika kila mara. Mlio haukubadilika hata kidogo.

Alisimama na spana yake mkononi, dizeli ikimpoza vidole. Ikiwa konrodi ni mbovu, mbona haikustuka? Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake juu ya injini na mpini sikioni. Juu palikuwa na kelele za kawaida. Akashuka ubavuni, mlio ukakua. Akashuka tena, karibu na ile sampu, bakuli la oili lililoko chini kabisa ya injini, na hapo aliruka akaondoa sikio. Mlio ulikuwa huko. Ulikuwa kama mtu aliyefungiwa humo anagonga atoke.

Alizima injini akalala chini. Aliwahi kuchungulia mle Jumatatu ileile kutafuta oili inayovuja, akakuta pakavu, akashukuru. Kwa jinsi matope yalivyoganda kule chini, hakuona kingine. Sasa alianza kuyapasua kwa bisibisi, vipande vikimwangukia shingoni. Chini ya matope chuma cha sampu kilikuwa kimebonyea kwenda ndani. Palikuwa na alama iliyopinda kama mwezi mchanga, na kandokando yake masizi.

Ndipo akasikia, kutoka jikoni, maji yakimwagika kwenye makaa na Rosenda akiapiza.

*

Yaliyotokea siwezi kuyaeleza kwa upole, kwa hiyo nayaeleza upesi. Huku kwetu hakuna anayevuta handbreki usiku wa baridi, maana kebo huganda na asubuhi magurudumu hayatoki. Gari huachwa ndani ya gia, jiwe likawekwa mbele ya gurudumu. Alfajiri unasukuma karai la makaa chini ya sampu ili oili ilainike, na kabla ya kuwasha unafanya mambo mawili ambayo hata mtoto anayajua. Unalitoa karai, na unaitoa gia. Jumapili iliyoitangulia ile Jumatatu ya mlio, Celmira akiwa kanisani, Delfor alitaka kwenda klabu na gari kwa siri. Aliweka karai, akaondoa jiwe, akaingia, akapiga stata. Gari likaruka na kulipanda karai. Akalirudisha nyuma, akasikia kong, akazima. Alinyoosha mguu wa karai kwa nyundo, akarudisha kila kitu mahali pake, akaingia ndani kunywa yerba yake. Siku ya pili mkewe akawapakia watoto wa watu.

Celmira aliliingiza karai uvunguni, likiwa limemwagwa makaa lakini bado la moto, ameshikilia kwa gunia. Akalinyanyua mpaka kwenye sampu. Ukingo wake uliingia kwenye ile alama sawasawa.

Alipotoka, Rosenda alikuwa amesimama pale, shali imefungwa kifuani, analitazama karai.

"Ulijua," alisema Celmira.

Mama mkwe aliikaza ile shali. Kisha akasema, "Nilimwona dirishani. Akaniomba ninyamaze. Akasema litatengemaa lenyewe."

"Na nilipoitwa muuaji wa injini?"

"Yule ni mwanangu, Celmira."

"Na mimi ni nani, mama?"

Upepo ulipiga mabati. Rosenda alikuwa ameishi na mkwe wake huyu ndani ya vyumba viwili tangu harusi, alikuwa ameuguzwa naye, alikuwa ameogeshwa naye alipovunjika nyonga. Akapiga magoti kwenye barafu, mwanamke yule mwenye nyonga mbovu, akauliza aanze kumpa spana ipi.

Walimwaga oili kwenye beseni. Walifungua nati za sampu zilizokuwa zimeganda kama zimechomelewa, Celmira akazipiga na kuzitukana, na matusi mengine hayakuwa ya nati. Sampu iliposhuka waliona ndani yake chuma kimekwanguka, kinang'aa mahali krenki, ule mhimili wa injini, ilipokuwa ikigusa kila izungukapo. Siku chache zaidi pangetoboka, oili ingemwagika njiani, na injini ingekufa kweli, huenda katikati ya mto watoto wakiwa ndani. Rosenda alipoelezwa hivyo aliketi juu ya gurudumu la akiba.

Celmira aliweka sampu juu ya gogo, akaigonga kutoka ndani mpaka ikarudi umbo lake, si zuri lakini la kutosha. Gasketi ya kuzibia walikata kwenye boksi la yerba, wakaifunga sampu na kurudisha oili. Jua lilikuwa linaelekea kuzama alipopiga stata. Dizeli kuukuu ina ngurumo zake, haijawahi kuwa tulivu, lakini kong haikuwepo. Rosenda alianza kulia. Celmira hakumbembeleza.

Delfor aliporudi kutoka karata alikuta chakula mezani na gari limefunikwa turubai, kama lilivyokuwa siku zote. Hakuuliza kitu wala hakuambiwa.

*

Jumapili Delfor alitangulia mkutanoni katika gari la Evaristo. Ukumbi wa shule ulijaa, kwa kuwa huku wakati wa baridi hata mkutano ni starehe. Fundi Bascuñán alikuwa amepewa kiti cha mbele na kipande cha keki. Aliposimama alirudia yaleyale ya konrodi na beringi, akaongeza mengine ambayo hakuwa ameyasema gerejini, na akamaliza kwa kusema kwamba yeye asingempandisha mbwa wake ndani ya gari lile.

Celmira alikuwa amesimama karibu na mlango. Nje, gari lake lilikuwa linanguruma palepale dirishani, na aliwaomba wasikilize. Wakasikiliza. Wazee wawili walitoka nje kabisa, wakarudi wakitikisa vichwa kwamba hakuna kinachogonga. Bascuñán alisema huo ni ujanja wa oili nzito, inaficha ugonjwa, anaujua. Baadhi waliitikia.

Hapo Celmira alitoka, akarudi na lile karai, akaliweka mezani mbele ya Evaristo, juu ya keki na kila kitu. Akachukua birika la maji la mkutano akampa mumewe.

"Liweke juu yake," alisema.

Delfor alikuwa na uso wa mtu aliyeona nyoka kitandani. Aliliweka. Birika likalala upande, maji yakamiminika mezani na kumtiririkia mwenyekiti mapajani.

"Sasa waambie."

Akawaambia. Alianza kwa kumung'unya. Kisha alipofika pale gari lilipomruka na yeye ndani, miguu juu, kofia imemwingia machoni, mtu mmoja nyuma alipasuka kicheko. Akafuata wa pili. Evaristo, suruali imelowa, alicheka mpaka akafuta machozi, akauliza kama gari lilimwomba ruhusa kabla ya kuketi kwenye moto. Bascuñán naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote, akampiga Delfor begani akamwambia kila mwanaume amewahi kufanya ujinga kama huo. Na Delfor, alipoona hakuna anayemkasirikia, alinyanyua kichwa. Akaanza kutabasamu. Akaongeza chumvi hata, kuhusu nyundo na mguu wa karai, na wakacheka tena. Aliyekuwa muuaji wa injini wiki nzima alikuwa mwanamke. Alipopatikana mkosaji mwenyewe, akawa mchekeshaji.

"Haya, basi," alisema Evaristo akihema. "Kazi ni yako kama zamani, bibie. Yamekwisha."

Celmira alisubiri. Hakuinua sauti, na ilibidi kicheko kiishe chenyewe, kidogokidogo, watu walipogundua kwamba yeye bado amesimama.

"Ilipokuwa ni mimi," alisema, "hakuna aliyecheka."

Bascuñán alitazama keki yake chini ya karai. Yule mama wa bondeni aliyekuwa amemwondoa mwanawe kwenye gari aliinamisha uso. Rosenda, aliyekaa na wanawake, alisimama kwa taabu, akapita katikati ya viti vyote na kwenda kusimama kando ya mkwe wake, na hakumtazama mwanawe.

Celmira aliinua karai lake akatoka.

Delfor aliwafuata nje, kofia mkononi, huku bado kuna mtu ndani anamwita arudi asimulie ile ya nyundo. Mama yake alikuwa amekwisha kuingia nyuma. Delfor alifungua mlango wa mbele, pale alipokaa siku zote. Kwenye kiti lilikuwa limekaa karai, limefungwa mkanda. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama barabara, mikono kwenye usukani, injini inanguruma.

Delfor aliufunga mlango taratibu, akazunguka, akakaa nyuma kwenye kibenchi cha watoto, magoti yamemfika kidevuni. Celmira alikanyaga klachi, akaingiza gia. Walipita njia ya mtoni, palepale anapopita siku zote, na njia nzima hakuna kilichogonga.